Wale tunaoogopa kufurahi tukiwa chuo, tupeane uzoefu

Mgeni_wa_Usiku: Jana matokeo yametoka, nimefaulu yote, hata sapu moja sina. Rumeti anarukaruka, mi nimekaa kitandani najiuliza sasa linakuja lipi. Home tukicheka sana usiku mama alikuwa anasema nyamazeni, ngoma ikivuma sana hupasuka. Sijui ndo ilinikaa. Kuna mwingine?

kimyakimya: Mm hapa. Habari nzuri namwambia mtu baada ya wiki, isije ikageuka.

BintiWaTatu: Umenikumbusha mbali. Mwaka wa kwanza nilichaguliwa kuongoza darasa, tukapiga picha, nikacheka mpaka mbavu zinauma, saa nne usiku simu inaita, baba kaanguka. Alipona, yupo mzima mpaka leo, ila kichwa changu kilishapiga hesabu: ulicheka, baba akaanguka. Kuanzia hapo nikicheka tu naangalia simu. Usiku nairudia ile siku, ningempigia mchana, nisingeenda kwenye zile picha, mpaka kunakucha. Nikaacha lekcha, nikaacha kuoga, wenzangu wanasema siku hizi anaringa. Miezi miwili hivyo. Mshauri wa wanafunzi akaniuliza, ni siku ngapi umecheka na baba hakuanguka? Nikakosa jibu. Aliponiambia hii ni sonona nikabisha, nikamwambia mi sina huzuni, nina tahadhari tu.

kimyakimya: "nina tahadhari tu" 😭😭

Mzee_wa_Busara: Yote haya ni kukosa maombi.

SautiYaTatu: Mzee acha. Mi naimba kwaya, nilikuwa naomba kila siku na bado silali.

Mzee_wa_Busara: Sijakutaja, mbona unajishtukia?

SautiYaTatu: Umesema YOTE.

daftari_jeusi: Hayo ya kurudiarudia mawazo usiku ni kucheua kama ng'ombe, hata jina lake la kitaalamu, rumination, limetokana na huko kucheua. Afadhali ng'ombe anatoa maziwa. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema aliandika tangu 1991 kuwa ukikaa unaizungusha huzuni kichwani tu, ndo inakawia kuondoka. Inuka, fua hata soksi.

kimyakimya: Nimefua zote, sasa nacheua nikiwa na soksi safi 😂

Mpole: Andika mawazo yako kabla ya kulala, yanatoka.

BintiWaTatu: Asiandike! Mi nilijaza daftari zima sentensi ileile.

Ndugu_Barua: Mi niliambiwa nimekuwa wa kwanza darasa zima. Usiku huohuo nikaandika barua pepe ya kuacha chuo, nikatuma.

Mpole: Weee!!

SautiYaTatu: Wakakubali?? Mkuu usituache hewani

Mgeni_wa_Usiku: Jamani na mimi mwenye uzi nisaidiwe basi

daftari_jeusi: Wewe angalia, ikifika wiki 2 mfululizo usingizi hakuna, kula shida, hakuna kinachokuvutia, nenda kwa daktari au kitengo cha ushauri hapo chuo. Soksi zitasubiri.

Mzee_wa_Busara: Na maombi.

Ndugu_Barua: Nilikosea herufi moja kwenye anwani. Asubuhi nikakuta imenirudia. Nipo mwaka wa mwisho sasa.

kimyakimya: Ulifurahi ilivyorudi?

Ndugu_Barua: Kidogo. Halafu nikaogopa.