Dema ni kosa, kisima cha gesi ruksa: hii hifadhi ya Msimbati ni ya nani?

Wakuu, mimi humu ni msomaji tu, sina mazoea ya kufungua nyuzi. Leo nimeshindwa.

Wiki iliyopita kwetu Msimbati, Mtwara, mjomba wangu, mvuvi mzee wa miaka sabini kasoro, kakatiwa dema zake sita, yaani mitego ya samaki ya kusuka. Boti ya doria ilimkuta alfajiri, wakamwambia amevuka mstari. Mstari upi? Boya hakuna, bendera hakuna, ni maji tu na mwamba chini. Waliokuwa kwenye boti siwataji, maana mzee bado anaitwaitwa. Dema zikapigwa panga mbele ya macho yake, zikatupwa.

Dema, wakuu! Siyo baruti. Siyo juya. Juya hata mimi nalipinga, linakokota mpaka mayai, na baruti ilitumalizia matumbawe wenyewe kabla hatujaletewa semina na mtu yeyote. Lakini dema inasukwa kwa mkono, inazamishwa, inakaa kimya mpaka samaki aingie kwa miguu yake. Mzee kalelewa na dema, kanilea mimi kwa dema. Jioni hiyo hakula. Alikaa barazani anasuka nyingine, haongei na mtu.

Sasa ugeuze shingo uangalie nchi kavu. Visima vya gesi vile pale. Uzio, taa, geti, mlinzi. Viko ndani ya hifadhi hiyohiyo.

Kwa wasiojua: gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Hifadhi ya bahari, ile ya Ghuba ya Mnazi na mdomo wa Ruvuma, ikatangazwa 2000, eneo la kilomita za mraba kama 650, pamoja na vijiji vyetu humohumo. Yaani siku wanachora mpaka, gesi ilishajulikana miaka kumi na nane. Hakuna aliyeshtukizwa. Mwaka 2015 bomba likaanza kuipeleka Dar, mitambo ya kuisafisha ikajengwa Madimba, na hifadhi ikabaki hifadhi. Kwa nani? Kwa mwenye mtumbwi.

Mtaniambia hayo ni ya baharini. Haya, twendeni Liwale, mkoa wa Lindi. Shemeji yangu ni mtu wa huko, jirani na lililokuwa Pori la Akiba la Selous kabla sehemu kubwa haijageuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere 2019. Ukikutwa porini na dumu la asali utajieleza mpaka ukauke koo. Tembo akija shambani kula mahindi yako, huyo ana haki zake, wewe piga debe usubiri kuche. Halafu ifungue Sheria ya Wanyamapori ya 2009, kifungu cha 20. Uchimbaji kwenye pori la akiba umekatazwa, isipokuwa kama ni mafuta, gesi au urani. Nilirudia kusoma mara tatu nikidhani macho yangu. Na 2012 mpaka wa Selous ukakatwa kweli, UNESCO wakaridhia, kupisha mradi wa urani wa Mto Mkuju. Kumbe mpaka unasogea! Kwa mjomba wangu tu ndio umepigiwa msumari.

Kuna jamaa humu juzi mlikuwa mnachoshana kuhusu Alaska, kama Marekani wachimbe mafuta kwenye lile pori la hifadhi la caribou, wale kulungu wa nchi za baridi, au wasichimbe. Nikasoma zote, kurasa na kurasa. Wamarekani wanabishana jambo hilo tangu 1980. Wagwich'in, kabila la wenyeji, wanasema hapana, maana ndiko caribou wanakozalia. Wainupiat wengi wa Kaktovik, kabila jingine la wenyeji, ambao kijiji chao kimo humo ndani, wanasema ndiyo, kwa sababu kodi ya mafuta ndiyo iliyowajengea shule na zahanati. Mnada wa kwanza wa kukodisha maeneo ya kuchimba, 2021, makampuni makubwa yalikaa pembeni, wa Januari 2025 hakujitokeza hata mmoja. Sisemi huko ni peponi. Ila mwenyeji wa kule anajulikana kwa jina la kabila lake na msimamo wake, anayetaka na asiyetaka. Na mkazi wa Alaska hulipwa gawio la mafuta kila mwaka, mtoto na mkubwa, 2024 lilikuwa dola 1,702. Mnajua walianza kulipana lini? 1982. Mwaka uleule gesi yetu inaonekana Msimbati.

Sisi wa Mtwara tulipofungua mdomo 2013 kuhusu gesi kupelekwa Dar tuliletewa wanajeshi. Sitaki kuyachimbua ya Mei ile, kuna nyumba hapa mjini mpaka leo ukiyataja mama mwenye nyumba anaingia ndani. Tukaitwa wabinafsi, tukaambiwa gesi ni ya Watanzania wote. Sawa, ni ya wote. Na samaki je, changu na tasi? Mbona hao hawawi wa wote mpaka mvuvi atie dema?

Msinibadilishie maneno. Sikusema gesi ifungwe. Halmashauri inapata ushuru wa huduma, najua, na vijana kadhaa walipata ulinzi na udereva. Ninachokataa ni sheria yenye macho mawili, moja la kumwona mzee na jingine limefumbwa. Kama mwamba na kasa wa Msimbati ni dhaifu kiasi cha kutostahimili dema sita, basi tuonyeshwe wanavyostahimili visima. Nilihudhuria mkutano mmoja chini ya mwembe, mtaalamu alikuja na kitabu cha tathmini ya mazingira kinene kama tofali, chote Kiingereza. Bibi mmoja akauliza, "Mwanangu, humo pweza wameandikwa?" Watu wakacheka. Mtaalamu naye akacheka, akafunga kitabu. Bibi hakuwa anatania, yeye kazi yake ni kuchokoa pweza, na mpaka leo hajajibiwa.

Sasa naomba kitu kimoja. Mwenye ramani ya kanda za hifadhi, ile inayoonyesha wapi pa kuvua na wapi marufuku, ikiwa na visima na mabomba juu yake, aiweke hapa. Nimeulizia ofisi mbili, kila moja inanielekeza kwa mwenzake. Nataka niichapishe niibandike kwenye banda la samaki.

Na wewe mkuu ulieandika kule kwingine kwamba Wamakonde hatutaki maendeleo, usikimbie. Nitakujibu nikirudi. Kesho bamvua, na mzee kanimalizia dema mbili za kwenda kuzitega.