Mjadala: Kamanda wa Wanamaji wa Kenya abaki Meja Jenerali, au apewe uadmirali?

Nanga Mbili
Wakuu, tulichambue hili kwa hoja. Kifungu cha 241 cha Katiba ya Kenya kinataja Jeshi la Nchi Kavu, la Anga na la Wanamaji. Yote matatu yanapanda ngazi moja: praiveti, koplo, sajenti na kuendelea hadi maafisa wateule, kisha luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, brigedia, mpaka jenerali. Ndiyo maana anayeongoza Wanamaji pale Mtongwe, Mombasa, ni Meja Jenerali, wakati mwenzake wa India au Afrika Kusini ni admirali.

Tatizo kubwa liko kwa kapteni. Kapteni wa Kenya, awe wa baharini au wa vifaru, ni OF-2 kwa hesabu ya NATO ya kupanga vyeo vya maafisa. Kapteni wa wanamaji wa Uingereza ni OF-5, sawa na kanali. Orodha ya ugeni ikienda na jina na cheo tu, wenyeji wanaandaa chumba cha kanali na kiti cha meza kuu, halafu anashuka kijana wa miaka 27. Na luteni wetu anahesabiwa sawa na luteni wao wa majini, kumbe wao luteni ndiye kapteni wetu. Tuwape wanamaji vyeo vya baharini, yaishe.

Tarumbeta
Yaishe wapi? Hilo ni kosa la karani. Orodha ya ugeni iwe na safu tatu: cheo kama kilivyo, msimbo, na kazi ya mtu melini. Kanada wanaandika alama ya N kwenye mabano baada ya Kapteni, basi, kila mtu anaelewa. Na karani asichanganye OF ya NATO na O ya Wamarekani. NATO wanawaweka luteni wote wawili kwenye OF-1, Wamarekani wanawatenga O-1 na O-2, kwa hiyo kanali ni OF-5 huku na O-6 kule. Ukimwandikia kanali "O-5" umeshamshusha kuwa luteni kanali, na hapo hata uwe na vyeo vya baharini hujaokoka.

Halafu tuulizane kwa upole: admirali wa nini? Wa feri ya Likoni, ile ya kuvukia Mombasa?

Bi Shangazi wa Kilindini
Nilikuwa nasoma vizuri mpaka hapo pa feri. Wewe kaka unajua meli zetu za kivita KNS Nyayo na KNS Umoja ziliingia miaka ya 1980 zikiwa na makombora ya Otomat? Unajua KNS Shujaa? KNS Jasiri? Tarehe 28 Septemba 2012 wanajeshi waliteremka ufukweni Kismayu, Somalia, usiku, Operesheni Sledge Hammer, walifika kwa feri ya Likoni?

Kuteremsha watu ufukweni si kuvuka kivuko. Unahesabu kupwa na kujaa. Unajua mteremko wa mchanga, maana ufuko ukiwa bapa sana chombo kinakwama mbali na askari anashuka maji yamfike kifuani na mzigo mgongoni. Ukikosea saa ya maji, chombo kinabaki kimekaa mchangani kama jahazi la kupakwa mafuta ya papa, shabaha ya kila mwenye bunduki. Hayo aliyapanga nani?

Tarumbeta
Yalipangwa kwa pamoja, dada yangu, na hapo umenisaidia. Kismayu zilihusika nchi kavu, anga na majini. Kwenye chumba cha operesheni meja ni meja, hakuna anayefungua jedwali kujua nani ampigie nani saluti. Hiyo ndiyo faida ya ngazi moja.

Mkalimani wa Vyeo
Jambo ambalo hamlitaji ni kwamba Kamanda wa Nchi Kavu ni Luteni Jenerali, wa Anga na wa Wanamaji ni Meja Jenerali. Mbadilishie jina umwite Ria Admirali, bado atakuwa na nyota mbili dhidi ya tatu mezani. Kama mnatafuta usawa wa majeshi, swali ni nyota ngapi, si jina gani.

Bi Shangazi wa Kilindini
Sawa, lakini mtu asitaje feri. Kongo ya Kinshasa ina pwani isiyofika kilomita 50 na ina maadmirali. Didier Etumba aliyepewa ukuu wa majeshi yote ya Kongo mwaka 2008 alitokea majini. Sisi wa kuanzia Vanga mpaka Kiunga tunaambiwa tuna feri!

Kombati Kuukuu
Wanaojua historia wanajua kwa nini vyeo viliunganishwa. Ni adhabu ya 1982. Wanaanga walijiona tabaka la peke yao, wakajaribu kupindua serikali, Moi akavunja kiburi chao akawapa vyeo vya jeshi la kawaida, na wanamaji wakaingizwa humohumo.

Nanga Mbili
Hapana. Tarehe 1 Agosti 1982 Kamanda wa Jeshi la Anga alikuwa nani? Meja Jenerali Peter Kariuki. Si Makamu Mashali wa Anga, ni Meja Jenerali. Na Hezekiah Ochuka aliyeongoza jaribio alikuwa praiveti mwandamizi daraja la kwanza. Ngazi moja ilikuwepo kabla ya risasi ya kwanza kambini Eastleigh. Adhabu ilikuwa nyingine: jeshi lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina la Jeshi la Anga la '82, na jina la zamani halikurudi hadi 1994. Kariuki mwenyewe alipelekwa mahakama ya kijeshi akafungwa miaka minne. Usipachike vyeo kwenye hadithi isiyo yake.

Kombati Kuukuu
Unanifundisha 1982 mimi? Vyeo vilikuwepo kwenye karatasi. Nazungumzia utamaduni: mavazi, meza za chakula, majivuno. Na Ochuka alikimbilia wapi? Tanzania, kwa ndege. Waulizeni Watanzania.

Mlinzi wa Lugalo
Watanzania tumeitwa, tumefika. Huku kwetu swali lenyewe halipo kwa sura hiyo. JWTZ ni jeshi moja lenye kamandi: Nchi Kavu, Anga, Wanamaji. Liliundwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya maasi ya Tanganyika Rifles ya Januari mwaka huo pale Colito, ambayo leo ni Lugalo. Jeshi la mkoloni lilivunjwa, likajengwa jipya, kwa hiyo hatukurithi majeshi matatu yenye mila tatu. Wanamaji walianza 1971 kwa msaada wa China, na China yenyewe majina ya vyeo ni yaleyale majini na nchi kavu, kinachoongezwa ni neno la jeshi husika. Pamoja na hayo, mkuu wa Kamandi yetu ya Wanamaji tumemwita Ria Admirali, na mbingu hazikuanguka. Juu yake yuko Mkuu wa Majeshi, ambaye ni Jenerali, chini yake wamo mabrigedia jenerali, kazi inaendelea.

Tarumbeta
Mabrigedia nani? Brigedia Jenerali ni cheo cha Kimarekani. Huku tuna Brigedia, na brigedia hana ujenerali wowote. Waingereza walilifuta hilo jina baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo brigedia wao begani ana taji na nyota tatu, mpangilio wa kina kanali. Upanga na kirungu vilivyopishana vinaanzia kwa meja jenerali. Tanzania mmejipa majenerali wa bure.

Mlinzi wa Lugalo
Wa bure kwa bei ya nani? Brigedia wako na Brigedia Jenerali wangu wote ni OF-6. Wakizuru meli ya Marekani, wote wanapigiwa saluti ya mizinga 11. Meja jenerali ni 13, luteni jenerali 15, jenerali 17. Pembeni ya ngazi ya meli wanapangwa mabaharia sita kwa wa nyota moja na wa nyota mbili vilevile, wanane kuanzia nyota tatu. Mmarekani hajali kama umekata neno la mwisho.

Mkalimani wa Vyeo
Mizinga hiyohiyo inajibu hoja ya mwanzo pia: Ria Admirali 13, Meja Jenerali 13. Na kama mnataka mfano wa nchi iliyounganisha kwa nguvu, ni Kanada. Tarehe 1 Februari 1968 majeshi matatu yakawa moja, sare moja ya kijani, vyeo vya nchi kavu vikawa ndiyo kipimo kwa wote. Ria Admirali Landymore alikuwa ameshaachishwa kazi 1966 kwa kupinga. Sare tofauti zilirudi katikati ya miaka ya 1980, na kile kipete cha juu ya mstari wa dhahabu mkononi mwa mwanamaji kilirudi 2010. Kilichovunja mpango ni nguo na mapete. Makao makuu ya pamoja hayakuvunjwa. Israel wana ngazi moja hadi leo, kamanda wao wa majini ni Aluf, yaani meja jenerali, kama wa anga.

Nanga Mbili
Basi tupeni hicho kipete hata kama vyeo vinabaki. Na Kenya haijawahi kumnyima mwanamaji ukuu: Kibwana 2000, Mwathethe 2015, Kahariri 2024, wote walitoka majini wakawa wakuu wa majeshi.

Tarumbeta
Umesikia ulichoandika? Watatu wamefika kileleni kwa ngazi moja. Kapteni mwanamaji anahamishiwa makao makuu, cheo chake kinasomeka, anashindana sawa na wa nchi kavu. Sasa nirudi kwa jirani: brigedi moja ina vikosi vitatu hadi vitano, na anayeiongoza anaitwa kwa kazi yake, brigedia. Jenerali anaanzia divisheni.

Mlinzi wa Lugalo
Kwa kanuni hiyo kanali aliyeko makao makuu bila kikosi umwite nani? Na Meja Jenerali wenu wa Mtongwe anaongoza divisheni ipi, ya samaki?

Bi Shangazi wa Kilindini
Haya, mmerudi kwenye samaki. Nyinyi wawili mnatafutana.

Tarumbeta
Naomba jibu moja tu kutoka Lugalo: Brigedia Jenerali akistaafu, kwenye barua anaandikwa Brigedia Jenerali Mstaafu au Jenerali Mstaafu?

Mlinzi wa Lugalo
Brigedia Jenerali Mstaafu. Na wako?

Kombati Kuukuu
Na bado hakuna aliyenijibu habari ya meza za chakula 1982.