Kikundi: Nyumba ya Ngamiani

JUMATANO

Zuhura (19:42)
Asalaam aleikum wote. Ijumaa alfajiri Mwanaidi anapanda gari kwenda Lushoto, harusi ya mdogo wake, na harudi mpaka wiki mbili ziishe. Mama anabaki na Idi peke yao. Tupange chakula leo leo. Sitaki kusikia Jumatatu kwamba Mama amelala na chai na boflo.

Zuhura (19:43)
Nataka vitu vya kupasha tu. Mtu anatoa, anatia sufuriani, dakika kumi yuko mezani.

Zuhura (20:01)
Mmesoma wote, naona. Mko hai?

Idi (20:04)
Waaleikum salaam Shangazi. Usihofu, mimi nipo. Indomie, mayai mawili, kitunguu na nyanya. Dakika tano Bibi keshakula.

Zuhura (20:05)
Idi, Bibi yako ana presha. Kile kipakiti cha kiungo ni chumvi. Chumvi yake ya siku nzima haitakiwi kufika kijiko kimoja cha chai, na hapo hujahesabu mkate wala dagaa.

Idi (20:05)
Kipakiti nitatia nusu

Salehe (20:07)
Nusu ya pili atailamba mwenyewe 😂

Idi (20:07)
Baba Mdogo jamani

Salehe (20:09)
Mwacheni kijana. Mjapani aliyeanzisha hizo tambi za pakiti mwaka 1958, Momofuku Ando, alifariki ana miaka 96.

Hamza (20:10)
😂😂 Idi endelea hapo hapo

Zuhura (20:11)
Salehe sijauliza habari za Japani. Nimeuliza nani analeta nini.

Hamza (20:12)
Kuna mtu anaangalia mpira? Huku umeme umekatika

Zuhura (20:24)
Nimekaa nikapanga mwenyewe kwa kuwa nawajua. Someni.

Maharage kilo mbili nachemsha mimi huku Dar. Nayaivisha kabisa bila chumvi, yakipoa nayatia kwenye vimfuko, kila kimfuko mlo wa watu wawili, yanaganda. Idi atakaanga kitunguu tu na kuyatumbukiza. Nyanya vilevile: nakaanga rojo kavu na vitunguu na karoti, naligandisha kwenye vikopo vya chai. Kikopo kimoja ndio mchuzi. Ukiwa na hilo rojo, hata mayai ya kuvuruga yanakuwa mboga ya maana, na tambi za spageti zinapata la kuzitowelea, Idi asiwe na kisingizio.

Mama Zai, chapati. Thelathini zinatosha. Zikishapoa tenganisha kwa nailoni ndipo uzigandishe, usizibandike moja juu ya moja kama zile za arobaini ya Mzee. Kupasha ni kikaango kikavu, mafuta hapana.

Salehe, vibua. Nunua asubuhi pale wanaposhusha, waoshwe, wapakwe ndimu na kitunguu saumu, wakaangwe. Siku ya kwanza na ya pili wanalika hivyo hivyo, waliobaki wanaganda.

Rukia yuko mbali, atachangia pesa. Nassoro hivyo hivyo.

Rukia (20:41)
Shangazi shikamoo. Nimeona. Pesa nitatuma Ijumaa inshallah. Ningekuwa karibu ningekuja mwenyewe. Huku Mombasa asubuhi sisi hatuwashi hata jiko, mbaazi za nazi na mahamri unanunua hapo mlangoni na vuguvugu lake. Mbona Bibi asinunuliwe vitumbua na uji kwa yule jirani, jiko likaanza mchana?

Zuhura (20:42)
Marahaba mwanangu. Asubuhi sawa. Mimi nazungumzia mchana na usiku.

Rukia (20:49)
Jambo moja nasema kama mtu wa hospitali. Idi, wali ukibaki usiulaze mezani. Upoe haraka kwenye sinia pana, ndani ya saa mbili uwe umeingia kwenye friji. Kuna vijidudu vya wali vinaacha sumu ambayo hata ukiupasha ukatokota haiondoki. Na maharage mekundu mtu asiyaharakishe kwa moto mdogo. Yalale kwenye maji usiku, yamwagwe, yatokote kwa moto mkali walau dakika kumi ndipo upunguze moto yaive taratibu. Yakiwa mabichi kidogo tu yanatapisha, na Bibi si wa kutapika umri huu.

Idi (20:50)
Wali wa jana nimekula asubuhi hii 😳

Hamza (20:50)
Innalillahi

Salehe (20:51)
😂😂😂 Wosia umeandika?

Rukia (20:51)
Nimesema kweli mimi, msicheke

Zuhura (20:58)
Haya. Maharage, rojo, chapati, samaki, vyote vinataka friza. Friji la Mama lile chumba cha juu linaingia nini, trei ya barafu na kuku nusu. Friza liko wapi wote tunajua.

Zuhura (20:59)
Liliondoka Ngamiani kwa wiki mbili. Sisemi zaidi.

Salehe (21:03)
Da Zuhura, hilo lisianze usiku huu.

Zuhura (21:04)
Si mimi niliyelianzisha. Lilianza siku lilipopandishwa kwenye Suzuki na mimi nimekaa barazani naambiwa linakwenda kwa fundi.

Mama Zai (21:10)
Wifi mimi nipo, nasoma. Chapati nitasukuma, hata arobaini. Hilo lingine nimelisikia kila sikukuu ya Idi na mimi nanyamaza.

Zuhura (21:11)
Kila mwaka unanyamaza na barafu zinauzwa.

Hamza (21:12)
Goli!!!!

Hamza (21:12)
Umeme umerudi, samahanini

Mama Zai (21:13)
Ujumbe huu umefutwa

Salehe (21:14)
Mama Zai, acha.

Zuhura (21:15)
Mwache aseme. Kwani nataka la kwangu? Friza likijaa ukalifunga, umeme ukikatika linakaa na baridi siku mbili, likiwa nusu siku moja. Hilo friji la Mama umeme ukikatika mchana, kufika jioni barafu ya juu inachuruzika. Nawaza chakula cha mama yetu, siwazi chuma.

Idi (21:31)
Bibi yuko hapa pembeni nilikuwa namsomea. Amesema nimwandikie kama anavyosema, nisiongeze

Idi (21:44)
"Zuhura. Friza nililitoa mimi. Mwaka ule Salehe alipoachishwa kazi nilimwita mkewe nikamwambia chukua, uza barafu, Zai asikose ada. Nikamkataza asimwambie mtu, kwa kuwa mumewe ana haya. Habari ya fundi niliisema mimi. Mtoto wa watu amebeba maneno yenu miaka yote kwa kunitii. Usilitaje tena.

Na chakula. Mimi sijawahi kula chapati iliyoganda na sikatai, leteni. Lakini mwili wangu unajua muhogo wa nazi na dagaa, na mchicha. Hivyo si vya siku nzima, muhogo mzuri ukishamenywa hauzidi nusu saa na kidogo. Idi ana miaka 17, hajui kukuna nazi. Mwanaidi akirudi akute anajua. Tambi zake ale yeye."

Idi (21:44)
Mwisho hapo

Zuhura (22:20)
Sawa Mama. Nimesikia.

Rukia (22:26)
Shikamoo Bibi ❤️ Idi, muhogo utoe ule uzi wa katikati, uchemshe na tui jepesi kwanza. Likikauka ndio utie zito, moto mdogo, usifunike. Ukilitia zito mapema linakatika.

Idi (22:28)
Jepesi ndio lipi

Rukia (22:28)
Kesho nakupigia video.

ALHAMISI

Mama Zai (06:15)
Asalaam aleikum. Shikamoo Mama. Unga nimenunua, leo jioni nasukuma. Wifi, vitu vyako vikifika vikae huku Makorora, droo moja ya friza nimeitoa barafu. Idi akitoka shule apite achukue vya siku mbili mbili, vinaingia kwenye friji la Mama bila shida.

Salehe (06:40)
Vibua nimeona bei, Jumamosi panapo majaliwa.

Zuhura (09:02)
Jumamosi Mwanaidi keshaondoka siku nzima. Ijumaa wanakula nini?

Salehe (09:30)
Idi anapika muhogo

Idi (09:31)
Niko darasani Baba Mdogo

Zuhura (09:32)
Zima simu!

Zuhura (09:50)
Maharage nimeyaloweka. Nayapeleka stendi kesho kwenye kasha la barafu, gari la saa tatu asubuhi. Nani atapokea Tanga?

Zuhura (11:15)
Nani atapokea?

Zuhura (13:08)
Mama Zai nimekupigia hupokei.

Nassoro Muscat (13:36)
Waaleikum salaam. Nilikuwa zamu, nimesoma kuanzia chini kwenda juu. Friza limeharibika? Semeni lita ngapi, natuma pesa leo Mama anunuliwe jipya.

Salehe (13:38)
Kaka usitume kitu. Soma kuanzia juu.

Zuhura (13:39)
Tuma. Liwe la lita mia mbili.

Salehe (13:39)
Da Zuhura

Mama Zai (14:20)
Nilikuwa kwenye unga, simu iko chumbani. Wifi piga sasa.