Nyumba inanyeshewa, kiwanda cha bati kinaniambia "mashine ikisimama ni hasara"!

Wakuu, mods msiunganishe huu uzi, naandika nikiwa nimelowa.

Kile kiwanda cha bati hapa Mbeya mnakijua. Na yule meneja wa kalamu sikioni mnamjua. Nimelipa hela yote, bati za msauzi geji 28, kijani, risiti ina tarehe ya kuchukua. Leo ndiyo tarehe! Fundi yuko juu ya kenchi, wingu limefunika Uyole yote, nafika pale mashine inatema bati nyekundu. Nyekundu za kuezeka kuanzia hapa mpaka Tunduma! Eti anamaliza nyekundu zote, hata za watu wa wiki ijayo, kubadili koili, lile roli la bati la rangi, kunampotezea muda.

Halafu kwa uso mkavu: "Mzee, mashine ikisimama ni hasara." Koili ya kijani ipo pale ukutani, oda yangu imebandikwa juu yake kwa selotepu, ina vumbi! Kazi yangu ikipanda mashineni chai haipoi, imeisha. Narudi saiti, mvua imeshuka, simenti imelowa yote. MASHINE IKISIMAMA NI HASARA!

Nyanda_Baridi: Unapandisha kenchi Desemba, Mbeya hii, unamlaumu meneja? 😂😂

MzeeWaRatiba: Kubadili koili kweli kunakula muda. Ila Jackson, mtaalamu wa kupanga ratiba za kazi, alishaonyesha tangu 1955: mashine moja, ukianza na oda yenye tarehe ya karibu, anayecheleweshwa kuliko wote anacheleweshwa kidogo iwezekanavyo. Hesabu hiyo haina muda wa kubadili koili, ndiyo maana wanakusanya rangi. Sasa si wakusanye za wiki hii tu!

Mleta uzi: Mkamwambie yeye! "Ni hasara", ananiambia mimi niliyelipa!

Mgololo_Boy: Afadhali wewe. Mimi Mafinga nasubiri mbili kwa nne, wanapasua mbili kwa sita toka asubuhi, eti msumeno umeshasetiwa.

DadaSoweto: Mbao nini! Fundi cherehani wa Mwanjelwa kashona kwanza sare zote za uzi mweupe. Gauni langu la zambarau nimelipata send-off imeshaisha!

Nyanda_Baridi: Dada, siyo yule wa ghorofani mwenye redio? Mke wangu kampelekea kitenge juzi!

DadaSoweto: Huyo huyo. Kimbia kakichukue kabla hajakikata.