MREJESHO: MRI ya tezi dume ya mzee wangu, Tukuyu

Wakuu heshima kwenu. Niliuliza hapa kama akili mnemba inaweza kusoma MRI (picha za ndani ya mwili) ya mzee wangu, maana PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa juu na ripoti ya kwanza haikueleweka. Asanteni sana wote mliojibu.

Kupiga picha zile filamu kwa simu na kuziweka kwenye programu ya kuchati hakukusaidia, ilileta maelezo marefu ya jumla tu. Kilichosaidia ni yule aliyesema nidai CD yenye faili zenyewe, kuipata ilikuwa shughuli lakini nikaipata, nikamtumia daktari wa radiolojia mwenye programu maalum ya kazi hiyo. Ikaweka rangi sehemu mbili, daktari akakubali moja akaipa PI-RADS 4 (alama ya 1 hadi 5, 4 ni uwezekano mkubwa wa saratani), ile nyingine akasema ni uvimbe wa kawaida wa uzee. Yaani mashine inaonyesha pa kutazama, daktari ndo anaamua, na kinyama kinachokatwa kwenye tezi na kupimwa maabara ndo kinathibitisha.

Mliotaka ushahidi, utafiti wa PI-CAI wa 2024 uliishindanisha akili mnemba na madaktari 62 wa radiolojia, ikawazidi kwa wastani, ila picha zilikuwa za wagonjwa wa Ulaya, natamani sana wapime na kwa wazee wetu.

Majibu ya kinyama yametoka, ni saratani kweli, ila bado iko ndani ya tezi. Mzee kapokea vizuri, kauliza tu kama atawahi kuvuna viazi. Wiki ijayo tunakaa na daktari kupanga matibabu.