MJADALA: Mwanafunzi wa programu anyang'anywe kipanya?

Mwalimu wa Jioni

Wadau, hamjambo. Nafundisha programu madarasa ya jioni hapa Nairobi. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima, wanashuka matatu na kuingia darasani na uchovu wa kazi. Kikao chetu cha walimu kimegawanyika na sioni kikielewana hivi karibuni, kwa hiyo naomba maoni ya nje.

Pendekezo lililo mezani ni hili: kuanzia darasa lijalo, mwanafunzi ahariri msimbo (maandishi ya programu) kwa kibodi peke yake, tena kwa muundo. Yaani achague, ahamishe au afute funksheni nzima (kipande cha programu chenye jina na kazi yake), sharti zima (kama hivi, fanya vile) au hoja nzima (kitu kinachopewa funksheni ikifanyie kazi) kwa mpigo, si kufukuzana na herufi mojamoja. Kipanya kifungiwe kabatini. Wanaotaka wanasema mafundi wa kweli ndivyo wafanyavyo kazi. Wasiotaka wanasema hayo ni maringo ya watu wa terminali, ile skrini ya amri za maandishi matupu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Pendekezo hili limefunga mambo matatu pamoja, na ndiyo maana tunagombana bila kusikilizana. Kuna kuacha kipanya. Kuna kuhariri kwa hali, kama kwenye vi, kihariri cha zamani cha terminali, ambapo kitufe kilekile mara ni amri, mara ni herufi. Halafu kuna kuhariri kwa muundo, ambapo kihariri kinajua kwamba hapa pana funksheni, ndani yake pana sharti, ndani ya sharti pana mwito, yaani amri ya kuiita funksheni nyingine. Unaweza kuwa na mojawapo bila mengine. Mimi napigania hilo la mwisho tu.

Tazameni mstari huu. Kila mwanafunzi wangu huandika kitu cha aina hii siku anapojaribu mfumo wa malipo:

`lipa(simu, kiasi * 100, rejea(oda, tarehe))`

Weka kishale kwenye oda. Ukiwa na kihariri cha Helix, bonyeza Alt na o: neno oda limechaguliwa. Bonyeza tena: (oda, tarehe) pamoja na mabano yake. Tena: rejea(oda, tarehe). Tena: orodha yote ya hoja za lipa. Tena: mwito mzima. Ukitaka kurudi ndani, Alt na i inakushusha ngazi moja moja. Sasa mwambie mwanafunzi achague rejea(oda, tarehe) kwa kuburuta kipanya. Mwisho wa mstari pana mabano mawili yamebanana. Ama atachukua moja zaidi, ama ataacha moja nyuma, kisha atakaa akilitafuta kosa ambalo halikutoka kichwani mwake, limetoka kidoleni.

Sisemi ataandika haraka zaidi. Hilo la kasi silijali hata kidogo. Ninachotaka ni auone msimbo kama unavyoonwa na kompaila, programu inayoutafsiri msimbo kwa ajili ya mashine: mti wenye matawi, si mistari iliyopangwa.

Karibuni.

Kijana wa Rongai

Mwalimu, nauliza kwa heshima: ni nani analipwa kwa kuchagua mabano? Mimi nikiwa kazini nashinda nasoma msimbo ulioandikwa na watu walioacha kazi zamani, natafuta kwa nini malipo ya mteja yamekwama, halafu jioni nabadilisha mistari miwili. Siku hizi hata hiyo miwili inaandikwa na AI, mimi nakubali au nakataa. Mnamfundisha mtu kucheza na vidole wakati soko linataka mtu wa kusoma na kukagua. Wale wanafunzi wako wamelipa karo kwa jasho. Wafundishe databesi.

Dada Terminali

Kijana, utaongea hivyo mpaka siku utakapoamshwa saa nane usiku seva imelala. Unaingia kutoka mbali kwa SSH, hakuna dirisha, hakuna kipanya, hakuna AI yako. Kuna vi. Imo kwenye POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, kwa hiyo utaikuta karibu kila mahali, hata kwenye mashine ndogo kabisa.

Na anayedhani ni ushamba asome historia. Bill Joy aliiandika vi Berkeley mwaka 1976 akitumia terminali ya ADM-3A, ambayo mishale ilichorwa juu ya vitufe vya h, j, k na l, na Escape ilikaa pale tunapoiona Tab leo. Ndiyo maana mkono haukuhitaji kuhama. Sisi tumerithi amri bila ile kibodi, halafu tunalalamika kwamba Escape iko mbali! Mtu akiwa na akili anaihamishia kwenye Caps Lock na maisha yanaendelea.

Halafu kuna Vim, mrithi wa vi. Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991, na ukiifungua bila faili inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Si mapambo. Alifanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, na mpaka alipofariki Agosti 2023 michango ya watumiaji ilikuwa ikienda huko. Programu inayotumika dunia nzima ina jina la jirani zetu kwenye mlango wake, na sisi hapa tunaiita ya wazungu wenye ndevu. Mimi nasema kipanya kiondoke. Mtu haogelei akiwa ameshika ukingo.

Mwalimu wa Jioni

Dada, nimekusikia, lakini umetetea vi. Hukutetea muundo. Kwenye seva yako ya saa nane usiku, vi ya kawaida haijui funksheni ni nini. Inajua herufi, maneno, sentensi, mistari, aya na mabano yanayolingana, basi. Hizo ni hoja mbili, na hiyo ya kwako inatosha kuwa somo fupi la peke yake: jinsi ya kufungua faili, kurekebisha mstari, kuhifadhi na kutoka. Hasa kutoka.

Mzee wa Maabara

Wanangu, jambo hili si jipya, na lilishawahi kushindwa. Ni vizuri mjue lilishindwa kwa nini.

Mwaka 1981 Tim Teitelbaum na Thomas Reps wa Cornell walieleza kihariri chao, Cornell Program Synthesizer. Mwanafunzi hakuandika neno la sharti herufi kwa herufi. Alitoa amri, kiolezo kizima kikatokea, naye akajaza mapengo. Kishale kilitembea kutoka pengo hadi pengo. Kosa la sintaksia, yaani la kanuni za uandishi wa lugha, kwenye umbo la programu halikuwezekana kabisa, maana mashine haikukuruhusu kulifanya. Nia ilikuwa njema, na kwa ajili ya wanafunzi, kama hao wa Mwalimu.

Tatizo ni kwamba binadamu haandiki hivyo. Anayehariri hupita kwenye uharibifu akielekea kwenye usahihi. Unafuta bano la kufungua sasa, la kufunga utalifuta baadaye. Unakata nusu ya sharti, unaibandika kwingine, kwa muda mfupi faili haina maana yoyote, kisha inapona. Kihariri kinachokataa hiyo hali ya katikati kinakugeuza mwombaji ruhusa. Waandishi wa Lisp, lugha ya programu iliyojaa mabano, wanaotumia nyongeza ya paredit ndani ya kihariri cha Emacs wanalifahamu hili: haikubali ufute bano moja ukaliacha pacha wake. Inakupa amri za kulifanya bano limeze neno linalofuata au liteme la mwisho. Ukizoea ni raha. Wiki ya kwanza unatamani kuitupa kompyuta dirishani.

Kilichobadilika ni tree-sitter, chombo cha kuchambua msimbo. Max Brunsfeld aliianzisha, ikaingia kwenye kihariri cha Atom cha GitHub. Hiyo haikuzuii kitu. Maandishi yanabaki maandishi, andika uchafu wowote. Pembeni yako inajenga mti, na kila unapobonyeza kitufe inachambua upya sehemu iliyoguswa tu, si faili nzima. Ikikuta kosa inalitia alama ndani ya mti na kuendelea. Kihariri cha Neovim kiliipokea katika toleo la 0.5 mwaka 2021, Emacs katika toleo la 29 mwaka 2023, na Helix ilizaliwa nayo. Kwa hiyo Mwalimu anapotaja muundo leo, hataji ule wa 1981. Wanaompinga kwa sababu za 1981 wamechelewa. Wanaotaka kulazimisha, nao wanarudi kulekule.

Fundi Luthuli

Nyinyi wasomi mnapendeza. Mimi naishi kwa kubadilisha kibodi za laptopu, niwaambie ninachokiona mezani. Mwanafunzi analeta mashine ya mtumba kutoka Ujerumani. Herufi ya Z iko mahali pa Y. Bano la { lipo kwenye 7 na unalipata kwa AltGr, la } lipo kwenye 0. Ameibadilisha mipangilio iwe ya Marekani, kwa hiyo anachokiona kwenye kitufe sicho kinachotokea kwenye skrini. Ameweka vibandiko, vimebanduka. Alt ya kushoto imemwagikiwa chai ya maziwa na sukari, inanasa. Huyo ndiye mnataka mumnyime kipanya cha bei ya chakula cha mchana?

Kibodi mpya ya mashine kama hiyo wengine wanailipa kwa awamu. Nimemaliza.

Mkono wa Kulia

Naongezea kwa Fundi. Mimi kipanya kiliniumiza kifundo cha mkono, nikahamia kibodi, nikapata nafuu. Rafiki yangu ni kinyume: kidole chake kidogo kimeumizwa na Ctrl ya Emacs, daktari akamwambia apumzishe mkono. Mkipiga marufuku kimoja, mtamuumiza mmoja wetu. Mwachieni mtu mwili wake.

Mama Python

Walimu wenzangu, nashangaa hakuna aliyelisema hili. Watoto tayari wanahariri kwa muundo, na wanafanya hivyo kwa kipanya! Scratch, ile lugha ya programu ya watoto ya MIT iliyotoka 2007, ni nini kama si hiyo? Mtoto anashika tofali la kurudia, anaburuta, vyote vilivyomo ndani vinafuata. Hawezi kuacha nusu ya sharti nje kwa sababu umbo lenyewe halikubali. Mtoto wa miaka tisa ananielewesha kwamba hili limo ndani ya lile, bila kujua neno sintaksia.

Msiba unaanza anapohamia Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa maneno. Tangu KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, ilipoidhinisha mtaala wa programu wa kampuni ya Kodris Africa mwaka 2022, shule zaidi zinawafikisha watoto huko. Muundo uleule aliokuwa akiushika kwa mkono sasa umejificha kwenye nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. Anakata mistari mitatu, anaibandika ndani ya kitanzi (sehemu inayorudiwarudiwa), mmoja unaingia na miwili inabaki nje. Programu inakubali kabisa! Haisemi kuna kosa. Inatoa tu jibu lisilo sahihi. Hapo ndipo nahitaji kihariri kinachohamisha kauli nzima na kuipanga upya. Kwenye vihariri vya JetBrains ni Ctrl, Shift na mshale wa juu au chini: kauli inahama pamoja na vilivyomo ndani yake, na ikiingia kwenye kitanzi inajisogeza yenyewe. Kama anabonyeza au anaburuta, kwangu ni mamoja.

Mwalimu wa Jioni

Mama, umenisaidia kuliko walionikubali. Natoa neno kibodi kwenye pendekezo langu.

Kijana wa Rongai, sijakusahau. Hiyo AI yako ikikumwagia mistari arobaini, unaitumia yote? Unakata sharti moja unalitoa nje, unakifunika kitanzi kwa try, kauli ya kunasa makosa, unaitoa hoja isiyohitajika. Kazi iliyobaki mkononi mwako ni ya kukata na kupanga vipande ambavyo hukuviandika mwenyewe. Hiyo ni kazi ya muundo kuliko hata zamani, tulipoandika kila kitu na kukumbuka bano lipi ni la nani.

Na hauhitaji kuhama kihariri. VS Code, ambayo nusu ya darasa langu wanayo tayari: Shift, Alt na mshale wa kulia inapanua uchaguzi kufuata muundo, mshale wa kushoto inapunguza. JetBrains ni Ctrl na W. Ipo, ni bure kwa VS Code, na sijawahi kumkuta mwanafunzi aliyefika kwangu akiijua.

Dada Terminali

Mwalimu, umekubali haraka mno. Kitu cha hiari hakuna anayekifanya. Utaonyesha hiyo Shift na Alt Jumatatu, Jumatano wote wamerudi kuburuta. Wiki mbili bila kipanya, za lazima, kisha arudishiwe achague mwenyewe. Mwenye Alt mbovu aazimwe kibodi ya chuo.

Mwalimu wa Jioni

Silazimishi mkono, ila naweza kulazimisha jicho. Nitaliweka kwenye mtihani, tena kwa karatasi, hakuna kibodi ya kuharibika. Nampa sharti la Python lenye if (kama) na else (vinginevyo), kishale kimekaa kwenye mojawapo ya kauli mbili zilizo ndani ya else, na kauli hiyo imeshachaguliwa yote. Aandike kinachochaguliwa kila tunapopanua, mpaka sharti lote liingie. Nimewajaribu walimu wenzangu kikaoni. Wengi wao waliandika kwamba else na if ni ndugu wawili wanaokaa sambamba.

Kijana wa Rongai

Kizuizi cha ndani kwanza, yaani kauli zote mbili. Kisha else pamoja na kizuizi chake. Kisha if yote, maana else ni mtoto wa if, si ndugu yake. Nimepata?

Mwalimu wa Jioni

Umepata yote.

Kijana wa Rongai

Sawa basi. Lakini databesi bado zije kwanza.