Geti, grili na rimu karibu na bahari: kupiga mchanga na rangi ya unga

Mkazi wa Kigamboni

Habari za kazi, wakuu. Ninaishi Kigamboni, mahali ambapo upepo wa bahari unafika ukutani bila kizuizi chochote, na kila masika yakipita ninaona kutu mpya kwenye geti langu hata kama nililipaka rangi ya mafuta miezi michache tu kabla. Safari hii nimeamua kulipeleka karakana lipakwe rangi ya unga, ile inayookwa kwenye tanuri, pamoja na grili za madirisha na rimu nne za aluminiamu za gari langu.

Nimeuliza bei katika karakana mbili na majibu yao yamenichanganya. Ya kwanza inasisitiza kwamba ni lazima kila kitu kipigwe mchanga kwanza, yaani kirushiwe chembe kwa hewa ya kompresa ili kutoa kutu na rangi ya zamani, na gharama yake inakaribia maradufu ya ile ya pili, ambayo inasema brashi ya waya na msasa vinatosha. Je, kuna ulazima wowote wa kupiga mchanga? Geti lina fremu ya skwea paipu na bati la milimita moja na nusu. Bati hilo halitapinda? Grili nyingi zimetengenezwa kwa paipu zenye zinki zilizochomelewa, na fundi mmoja aliniambia kwamba rangi ya unga haikai juu ya zinki. Kuhusu rimu, nimesikia kwamba moto wa tanuri hulegeza aluminiamu. Mwisho, rangi ikichubuka baadaye, nitaweza kuirekebisha mwenyewe nyumbani?

Fundi wa Changamwe

Ndugu, maswali hayo tunaulizwa karibu kila siku hapa Mombasa, na tofauti ya bei uliyoiona inatokana hasa na maandalizi. Unga wenyewe hauna tofauti kubwa ya gharama kati ya karakana moja na nyingine.

Rangi ya unga ni chembe kavu za resini na rangi ambazo bunduki huzitia chaji ya umeme ya volti elfu 60 hadi 100, ilhali kifaa kinachopakwa kimeunganishwa na waya wa ardhini, kwa hiyo unga unavutwa na kuganda juu ya chuma. Kisha kifaa huingizwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 180 hadi 200, unga ukayeyuka, ukatandaa na kukomaa. Dakika 10 hadi 20 zinazotajwa kwenye karatasi za watengenezaji huhesabiwa tangu chuma chenyewe kifikie joto hilo. Kuhesabu tangu hewa ya tanuri ilipofikia joto hilo ni kosa. Geti zito lenye fremu nene huchelewa sana kushika moto, na fundi mwenye haraka akilitoa mapema utaliona linang'aa vizuri kabisa, lakini rangi yake haijaiva na itaanza kubanduka kwa vipande. Ukitaka kuhakikisha, chukua kitambaa cheupe chenye asetoni usugue mahali pasipoonekana: rangi iliyoiva inaweza kupoteza mng'ao kidogo, lakini ambayo haijaiva hulainika na kuja na kitambaa.

Sasa tuje kwenye mchanga. Brashi ya waya huondoa kutu iliyolegea na kuing'arisha ile iliyobaki ndani ya vishimo, kwa hiyo macho yanaona chuma kisafi ilhali kutu ipo pale pale, pamoja na chumvi yake. Kupiga mchanga huchimbua vishimo hivyo na kuacha uso uliokwaruzika ambao rangi inaushika. Kiwango tunachokifuata kwa kazi ya pwani ni Sa 2½ cha ISO 8501-1, kiwango cha kimataifa cha usafi wa chuma kabla ya kupaka, yaani uso wote uwe umesafishwa na mabaki yaonekane kama madoa hafifu tu. Lakini kukwaruza nako kuna mpaka wake. Tabaka la rangi ya unga kwa kawaida ni mikroni (sehemu za elfu za milimita) 60 hadi 80. Kama fundi ametumia chembe kubwa mno hata vilele vya mikwaruzo vikafikia kimo hicho, ncha za chuma zitabaki karibu wazi na kutu itaanzia hapo.

Ingawa tunasema "kupiga mchanga", usikubali mchanga halisi, hasa wa ufukweni. Huo una chumvi inayobaki juu ya chuma na kufurisha rangi malengelenge, na vumbi lake la silika huharibu mapafu ya anayepiga kwa ugonjwa wa silikosisi usio na tiba. Uingereza iliukataza kwa kazi hii katika kanuni za mwaka 1949, na inasikitisha kwamba bado yapo maeneo huku kwetu ambako kijana hupiga mchanga akiwa amejifunga shati usoni. Karakana inayojiheshimu hutumia garneti (chembe za madini magumu), chembe za chuma au oksidi ya aluminiamu, na mpigaji huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Bati la milimita moja na nusu linaweza kupinda kama fundi ataligonga kwa shinikizo kamili akiwa amesimama karibu na kuelekeza bomba mahali pamoja. Tunapunguza shinikizo la kompresa, tunatumia chembe ndogo, tunapiga kwa mshazari na kutembeza mkono bila kutua. Bati pana lisilo na mhimili katikati ndilo linalonitia wasiwasi. Kama la kwako liko hivyo, mweleze fundi kabla hajaanza.

Jambo jingine ambalo wateja hawaliulizi, nalo kwa pwani ni kubwa, ni muda kati ya kupiga mchanga na kupaka. Chuma kilichovuliwa hivyo huanza kugeuka manjano ndani ya saa chache kwenye unyevu wetu. Karakana inayopiga mchanga upande mmoja wa mji na kusafirisha geti kwa pikapu hadi upande mwingine kesho yake, mimi nisingeipa kazi, hata kama bei yake ni nzuri.

Kabla ya kupeleka, angalia pia kama kuna bodi fila iliyowahi kupakwa kuziba mabonde, kwa sababu fila ya kawaida haivumilii tanuri. Na skwea paipu zilizozibwa pande zote zitobolewe tundu dogo upande wa chini. Maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke na yanaweza kupasua paipu ndani ya tanuri.

Mhandisi wa Mitambo, Nairobi

Fundi amemaliza sehemu kubwa, nami niongeze kuhusu zinki na rimu.

Si kweli kwamba rangi ya unga haikai juu ya zinki. Tatizo ni kwamba hewa na gesi zilizonaswa kwenye tabaka la zinki hutoka chuma kinapopata moto, zikipenya kwenye unga unaoyeyuka na kuacha vitundu kama vya sindano. Dawa yake ni kukichoma kifaa kikiwa kitupu kwanza, kwa joto linalozidi kidogo lile la kuokea rangi, ili gesi itoke, na kuchagua unga uliotengenezwa kuruhusu gesi kupita. Chuma cha kusubu nacho kina tabia hiyo hiyo, tena huficha mafuta. Paipu zenye zinki zipigwe kwa upole, kwa shinikizo dogo na chembe laini, kusudi uso ukwaruzike bila kuondoa zinki uliyoilipia. Kwenye maungio zinki imeshaungua wakati wa kuchomelea, na ndiyo maana kutu ya grili huanzia pale. Sehemu hizo zisafishwe kabisa na zipate praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, yenye zinki nyingi.

Kwa mazingira yako, ambayo katika mpangilio wa ISO 12944, kiwango cha kimataifa cha kukinga chuma na kutu kwa rangi, yanahesabika miongoni mwa makali, tabaka moja la unga ni kidogo. Omba praima ya epoksi chini na poliesta juu. Epoksi hushika chuma na kuzuia unyevu vizuri, lakini ikipigwa na jua huchujuka na kuwa kama imepakwa chaki. Poliesta huvumilia jua. Karakana ikikupa epoksi peke yake kwa geti la nje, mwaka hautapita kabla hujaona mng'ao umepotea.

Ningependa pia uwe mkali kuhusu kona. Unga wenye chaji huvutwa zaidi na kingo za nje na husitasita kuingia kwenye pembe za ndani, hasa pale paipu mbili zinapokutana kwa pembe kali. Mpakaji mzoefu hupunguza volti na kuanza na pembe hizo kabla ya sehemu tambarare. Kingo zenye makali nazo huachwa na rangi nyembamba, kwa hiyo zitolewe makali kwa grainda kabla ya kupiga mchanga.

Rimu za aluminiamu nyingi zimepata nguvu yake kwa kupashwa joto kiwandani, na joto kali au la muda mrefu hupunguza nguvu hiyo. Kuokwa mara moja kwa joto na muda uliopangwa ni kazi ya kawaida. Kinachotisha ni karakana inayoondoa rangi ya zamani kwa kuichoma kwenye tanuri la nyuzi karibu 400. Hilo ni la kukataa bila mjadala. Rangi ya zamani iondolewe kwa kemikali au kwa kupiga chembe laini zisizo za chuma, kwa kuwa vipande vya chuma vikijikita kwenye aluminiamu huota kutu chini ya rangi. Tairi, vali na vihisio vya upepo vitolewe. Mahali nati zinapokaa na uso unaolaliana na habu (kitovu cha gurudumu) pazibwe pasipate rangi: unga mnene ukibanwa pale hubonyea, nati zikalegea ukiwa barabarani. Rimu yenye ufa usiipake, kwani rangi itauficha tu.

Mteja wa Tanga

Mimi nilipeleka geti kwenye karakana moja mwaka jana, na rangi yenyewe haina kasoro hadi leo. Kilichoniudhi ni kwamba hawakuziba hesi wala bawaba, kwa hiyo komeo halikuingia, na mfungaji akalazimika kukwangua rangi mpya kwa tupa siku ile ile ya kulifunga. Halafu akachomelea bawaba kwenye nguzo baada ya rangi, na pale palipoungua kutu imeshaanza. Waambie mapema, kwa maandishi, sehemu ambazo hazitakiwi kupata rangi. Kwa upande wa matunzo, ninalisuuza kwa maji baridi na sabuni laini kila mwezi ili kutoa chumvi, nalo linaonekana jipya.

Mkazi wa Kigamboni

Nashukuru sana. Nimeangalia geti langu na bawaba zake zimechomelewa kwenye nguzo, tena bati halina mhimili katikati. Je, nifanyeje kabla ya kulipeleka? Na lile swali langu la kurekebisha mchubuko limebaki.

Fundi wa Changamwe

Kata bawaba za zamani, na mchomeleaji wako atengeneze mpya zenye sahani za kufungwa kwa boliti, kazi yote ya moto imalizike kabla ya kupiga mchanga. Wakati huo huo aongeze mhimili mmoja wa mlalo nyuma ya bati. Utasaidia lisipinde, na hata mlio wa bati wakati wa upepo utapungua. Geti likirudi nyumbani pasiwe na sababu ya kuwasha mashine ya kuchomelea karibu nalo.

Mchubuko mdogo unaweza kuurekebisha mwenyewe: safisha kwa msasa laini mpaka chuma kionekane, paka praima yenye zinki, kisha rangi ya kimiminika ya poliurethani yenye namba ile ile ya RAL (orodha ya namba za rangi) iliyotumika kwenye unga, kwa mfano 9005 kwa nyeusi. Haitalingana kabisa kwa mng'ao, lakini itazuia kutu kutambaa chini ya rangi. Andika namba hiyo na jina la unga siku unapochukua mzigo, kwa maana nyeusi za watengenezaji wawili hutofautiana.

Na kabla ya kukabidhi geti zima, peleka kipande cha skwea paipu cha urefu wa kiganja, chenye kutu kama ya geti, ukaombe kipigwe mchanga, kipakwe na kuokwa pamoja na kazi zao za siku hiyo. Ukikipata, kichane kwa wembe mistari ya kukatizana mpaka ifike kwenye chuma, bandika utepe wa gundi juu yake, uuvute kwa nguvu. Viboksi vikibaki mahali pake, lipia malipo ya awali.